Ndege adimu wa Kilifi: adimu kwa namna gani?

Ukisimama kwenye matope ya Hori ya Mida mwezi Januari, maji yakianza kurudi, utaona mamia ya vitwitwi wadogo wa kijivu wenye midomo iliyopinda kidogo kuelekea chini. Hao ni Calidris ferruginea, wazaliwa wa tundra ya Siberia. Wazoefu huwapitisha jicho tu wakitafuta kitu kingine. Lakini tangu Oktoba 2024 ndege huyo ameorodheshwa na IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, katika daraja la Vulnerable, yaani spishi iliyo katika hatari ya kutoweka, kwa sababu idadi yake duniani imeshuka sana. Siku hiyohiyo, kwenye tope hilohilo, akitokea Haematopus ostralegus mmoja, yule mweusi na mweupe mwenye mdomo mrefu mwekundu, simu zitalia kutoka Watamu hadi Malindi. Huko Ulaya kaskazini ndege huyo yuko kila ufuo na hakuna anayemgeukia.

Basi ni yupi kati yao aliye adimu? Neno hilo moja limebebeshwa mizigo minne. Kuna ndege adimu kwa kuwa makazi yake duniani ni kipande kidogo cha ardhi. Kuna adimu kwa kuwa huja miezi michache tu. Kuna aliyepotea njia. Na kuna yule ambaye si adimu hata kidogo ila hujificha, au hufanana mno na mwenzake. Ukichanganya mizigo hiyo utakwenda mahali pasipo, mwezi usio wake, na ukimwona kweli utashindwa kumshawishi mtu mwingine. Kaunti ya Kilifi ni mahali pazuri pa kuufungua mkanganyiko huu, kwa sababu aina zote nne zipo ndani ya mwendo wa saa chache: msitu wa Arabuko-Sokoke, Mida, Sabaki inapoingia baharini, na misitu ya Dakatcha upande wa Magarini.

Msitu mmoja, udongo wa aina tatu

Arabuko-Sokoke una ukubwa wa takriban kilomita 420 za mraba, na ndio msitu mkubwa zaidi uliobaki katika ukanda wa misitu ya pwani ya Afrika Mashariki. Anayeuona kutoka barabara ya Mombasa–Malindi hudhani ni kitu kimoja. Ukiingia ndani ukielekea magharibi, udongo hubadilika chini ya viatu na ndege hubadilika pamoja nao.

Upande wa mashariki, penye mvua nyingi zaidi, kuna msitu mchanganyiko wenye mibambakofi na miti mingine mingi. Unafuata mkanda wa mchanga mweupe ambao karibu wote ni mirihi, yaani Brachystegia spiciformis, miti iliyoachana, mwanga ukipenya hadi chini. Mkanda huo ni hekta 7,700 hivi. Kisha ghafla mchanga unakuwa mwekundu, miti inakuwa mifupi na kusongamana, na mvua inapungua kuelekea milimita 600 kwa mwaka. Hapo umeingia kwenye msitu wa Cynometra, sehemu kubwa kuliko zote, karibu hekta 23,500.

Bundi mdogo wa Sokoke, Otus ireneae, yumo kwenye sehemu hiyo nyekundu. Ana urefu wa sentimita 16 hadi 18 na uzito wa gramu 50 hivi, chini ya yai moja la kuku. Alielezwa kisayansi mwaka 1966, na kwa miaka mingi ilidhaniwa kuwa hayupo pengine popote. Baadaye alipatikana kwenye misitu ya chini ya Usambara Mashariki nchini Tanzania, na pia Dakatcha. Hesabu zilizofanywa Arabuko zilionyesha kushuka kutoka takriban jozi 1,000 mwaka 1993 hadi 800 hivi mwaka 2008.

Chukua namba hizo ufanye hesabu nyepesi. Jozi 800 ndani ya hekta 23,500 ni kama jozi moja kwa kila hekta 29. Hawajaenea kwa usawa, lakini maana yake ni kwamba anayetembea njia za mchanga mwekundu jioni moja tulivu ana nafasi nzuri ya kuwasikia zaidi ya mmoja. Duniani ni adimu sana. Nyumbani kwake ni jirani wa kawaida. Anayemtafuta kwenye mirihi au kwenye msitu mchanganyiko wa Gede kwa kuwa "ni msitu uleule" atakesha bure.

Sauti ndiyo inayomfichua. Bundi wa Sokoke hutoa mfululizo wa milio mifupi inayolingana, kama mtu anayegonga chupa kwa kasi, mitano hadi tisa hivi, kisha kimya. Jamaa yake wa kawaida, Otus senegalensis, hutoa mlio mmoja tu wa kukwaruza, akanyamaza sekunde tano hadi nane, akatoa mwingine. Huhitaji sikio la muziki kuwatofautisha, hesabu tu. Rangi haisaidii sana, kwa sababu bundi wa Sokoke wako wa kijivu, wa kahawia na wa rangi ya kutu, wote spishi moja. Taarifa nyingi zisizo sahihi huanzia hapo: mtu ameona bundi mwekundu akaamini amekamilisha kazi, au ameona wa kijivu akamtupa.

Mchana hukaa ndani ya kichaka kizito, chini kuliko watu wanavyotarajia, akiwa amejibanza dhidi ya shina kama kipande cha gome. Waongozaji wa msitu huu, ambao wana chama chao, huzijua sehemu wanazolala na huzihamisha ziara ili kichaka kimoja kisiendewe kila siku. Kwenda peke yako na kuanza kupekua vichaka ni njia ya hakika ya kumhamisha bundi na kutomwona.

Kwenye mirihi wako wengine. Chozi wa Amani, Hedydipna pallidigaster, hukaa juu kabisa ya miti hiyo, na shingo itakuuma kabla hujamwona vizuri; dume ana kichwa na kifua cha kijani iliyokoza inayong'aa, na tumbo jeupe. Chini kwenye majani makavu hutembea Anthus wa Sokoke, Anthus sokokensis, ndege mwembamba mwenye mistari myeusi mizito mgongoni na kifuani. Kinachomtambulisha zaidi ni mahali: jamaa zake wengi ni ndege wa nyasi za wazi, na huyu huenda kwa miguu ndani ya msitu. Akishtuliwa huruka hadi tawi la karibu, akatoa mlio mwembamba mrefu. Kosa la kawaida ni kuendelea kutembea. Simama dakika kumi bila kusogeza mguu, ukitazama chini umbali wa mita 15 hadi 20, na majani yatakayosogea yenyewe ndiyo ya kuangalia.

Kwera asiyejulikana kiota kwa karne nzima

Kati ya ndege wote wa kaunti hii, kwera wa Clarke, Ploceus golandi, anastahili sehemu yake mwenyewe. Bundi na chozi tunashirikiana na Tanzania. Huyu hajawahi kuthibitishwa nje ya Kilifi. Alielezwa mwaka 1913, na kiota chake hakikujulikana hadi Machi 2013, miaka 100 kamili, alipokutwa akitaga Dakatcha.

Sababu ya kuchelewa hivyo inafundisha jambo. Kwera wa Clarke anaonekana katika makundi juu ya mirihi, akipekua viwavi na wadudu, mara nyingi akiandamana na ndege wa spishi nyingine. Kwa hiyo watu walitafuta viota juu ya mirihi. Viota vilikuwa ndani ya kidimbwi cha msimu, vimefumwa kwenye magugu ya majini yaliyosimama katikati ya maji. Kidimbwi kama hicho hujaa mvua zikinyesha vizuri, na mwaka wa ukame hakuna kitu. Ndege huyu hutegemea vitu viwili visivyofanana, miti mirefu ya kulishia na dimbwi la muda la kutagia, na kimoja kikikosekana kingine hakimfai.

Dakatcha, tofauti na Arabuko, si hifadhi ya serikali. Ni ardhi ya jamii, na miti yake hukatwa kwa makaa na kusafishwa kwa mashamba, yakiwemo ya mananasi. Kumlinda Arabuko pekee hakutoshi, maana huko huja na kuondoka.

Kumtambua kuna mtego mmoja mkubwa. Kwenye miti hiyohiyo yuko kwera wa msitu, Ploceus bicolor, naye pia mweusi juu na wa njano chini. Tazama bawa. Kwera wa Clarke ana kingo za njano kwenye manyoya ya bawa, zinazoonekana kama mistari hata kutoka chini. Kwera wa msitu hana. Kisha tazama wenzake kundini. Kwera wa msitu dume na jike wanafanana. Jike wa Clarke ana mgongo wa kijani, kwa hiyo kundi lenye weusi na wa kijani likipita pamoja ni ishara nzuri. Ndege mmoja mweusi na wa njano, dhidi ya mwanga, mita 20 juu, usimwandike jina.

Kalenda mbili zinazopishana

Mabaharia wa pwani hii waligawa mwaka kwa kaskazi na kusi, na mgawanyo huo unawafaa watazamaji wa ndege kuliko kalenda ya ukutani. Wageni wa Kilifi huja kwa zamu mbili zinazopishana, na wengi hujua moja tu.

Zamu ya kwanza ni ya wanaotoka Ulaya na Asia. Huanza kufika Agosti, wanajaa kaskazi inapovuma, na wanaondoka Aprili. Ni hao vitwitwi wa Mida, na pamoja nao Limicola falcinellus, mdogo mwenye nyusi mbili juu ya kila jicho na mdomo uliokunjika kidogo kuelekea chini kwenye ncha. Kwa Kilifi yeye ni wa kutafutwa kwa uvumilivu, na Sabaki ni bora kuliko Mida. Wakati huohuo, kwenye matete na vichaka vyenye maji, hupita Acrocephalus griseldis, anayezaliana kwenye mabwawa ya Iraki na kuja kukaa huku kati ya Novemba na Aprili. Ni wa kahawia, hana alama ya kujivunia, na wengi wa walioandikwa walijulikana kwa kushikwa kwenye nyavu za utafiti na kupimwa.

Mwenye thamani zaidi wa zamu hii kwa Mida ni mla kaa, Dromas ardeola. Hachanganywi na ndege mwingine: mweupe na mweusi, miguu mirefu ya kijivu-buluu, mdomo mweusi mnene kama nyundo. Huzaliana kuzunguka Bahari ya Shamu, Ghuba na pwani ya Somalia, na ndiye ndege pekee wa jamii ya vitwitwi anayechimba shimo la kutagia mchangani. Hutaga yai moja jeupe na joto la mchanga husaidia kazi ya kuatamia. Anapofika Mida, kinda bado yuko na mzazi na bado anaomba chakula. Ukiona wa kijivu mgongoni akimfuata mwenzake akilia, hiyo ni familia iliyovuka bahari pamoja. Wachache, hasa wasiokomaa, hubaki mwaka mzima, kwa hiyo kumwona Julai si ajabu ya kuandikia gazeti.

Zamu ya pili huja na kusi, na hapa ndipo watu hupotezea nafasi. Aprili wageni wa kaskazini wakiondoka, wengi hufunga darubini kabatini. Ni mwezi huo ndio hufika kwaregwa la Madagaska, kama tutakavyomwita Glareola ocularis kwa kukosa jina lililozoeleka: ndege mwenye mabawa marefu kama ya mbayuwayu, anayezaliana Madagaska na kuja Sabaki kati ya Aprili na Septemba hivi. Siku nzuri huwa maelfu kwenye fungu moja la mchanga. Mfano mzuri wa uadimu wa msimu: nenda Desemba, ataonekana hayupo kabisa duniani.

Anachanganywa na Glareola pratincola, jamaa yake wa kawaida. Tofauti ziko usoni. Wa kawaida ana koo la rangi ya krimu lililozungushiwa mstari mweusi kama mkufu. Wa Madagaska hana mkufu. Ana mstari mweupe mfupi chini na nyuma ya jicho, na mkia wake una panda fupi. Kundi likiwa limelala mchangani wote wakitazama upepo, una muda wa kutosha wa kuangalia nyuso moja moja.

Ndani ya misitu, kusi humleta mkesha madoadoa, Geokichla guttata, kutoka kusini zaidi, na Pitta angolensis, ndege wa rangi nyingi ambaye licha ya rangi hizo hupotea kwenye kivuli. Msitu mdogo uliozunguka magofu ya Gede ni mahali pa kuwatafutia wote wawili kati ya Mei na Septemba, mapema, kabla wageni wa magofu hawajaanza kupita. Huko Gede chini ya miti ni wazi zaidi kuliko Arabuko, ndiyo maana ndege hawa huonekana huko zaidi; si lazima iwe ni wengi zaidi.

Miezi hiyohiyo ya kusi, kwenye Whale Island karibu na mlango wa Mida, hutaga buabua wa aina mbili, Sterna dougallii na Onychoprion anaethetus. Watazame kutoka ufuoni au kutoka boti iliyokaa mbali. Mtu akipanda kisiwani, wazazi huruka wote kwa pamoja na mayai hubaki juani juu ya mwamba. Dakika chache zinatosha kuyaharibu.

Maji ndiyo saa

Kwa Mida na Sabaki, kuchagua saa kuna uzito kuliko kuchagua siku. Pwani ya Kenya maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mchanga, tofauti kati ya kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Wakati wa maji mafu, tofauti ni ndogo.

Maji yakiwa yamepwa kabisa, ndege wa Mida wametawanyika kilomita kadhaa za tope na utaona nukta. Yakiwa yamejaa kabisa kwenye bamvua, wamekwenda kulala, wengine ndani ya mikoko ambako hawaonekani. Dirisha lako ni saa mbili hadi tatu kabla ya kujaa, tope linapopungua na ndege wakisukumwa kuelekea ukingo uliopo. Saa moja baada ya maji kuanza kupwa nayo ni nzuri, lakini fupi.

Sasa unganisha na mwanga. Siku za bamvua, pwani yetu hujaa karibu saa kumi hadi saa kumi na moja, alfajiri na jioni, na hupwa karibu saa nne hadi saa tano. Kwa hiyo siku ya mwezi mpevu dirisha la jioni ni kati ya saa nane na saa kumi, na ukiwa ukingo wa magharibi jua linakuwa mgongoni. Siku tatu baadaye dirisha hilohilo linaelekea kuliwa na giza. Hori hujaa ikichelewa kidogo kuliko ufuo wa wazi, hivyo jedwali la Mombasa au Malindi ni la kukuelekeza tu, ongeza muda. Maji mafu si ya kudharauliwa kabisa: tope halifunikwi lote, ndege hawalazimiki kusogea karibu, lakini pia hawaondoki, na mwenye darubini ya miguu mitatu anaweza kuhesabu kwa utulivu mchana kutwa.

Sabaki ni shughuli nyingine. Mto huu huleta udongo mwingi kutoka bara, na kila gharika huhamisha mkondo na mafungu ya mchanga. Njia iliyokufikisha mwaka jana inaweza kuwa ndani ya maji mwaka huu. Uliza wakazi wa kijijini siku hiyohiyo. Usivuke kijito maji yakiwa yanajaa hata kama kinafika kifundo cha mguu tu, kwa sababu kurudi kitakuwa cha kiuno, na tope la kingo hushika. Viboko wapo, na jioni hutoka. Nyasi fupi zilizo nyuma ya ufuo, ambazo wengi huzipita mbio kwenda kwenye shakwe, ndizo makazi ya Anthus wa Malindi, Anthus melindae, ndege ambaye eneo lake duniani ni pwani ya Kenya na Somalia pekee. Mistari ya kifuani kwake ni mizito na hushuka chini zaidi kuliko ya jamaa zake wa kawaida, na miguu ni ya njano inayoelekea machungwa.

Waliopotea, na wale tunaowapoteza wenyewe

Ndege aliyepotea njia kweli ni wa nadra, na hana mahali wala mwezi. Kuna dalili za kumtegemea: baada ya dhoruba baharini, na kipindi cha Oktoba–Novemba na Machi–Aprili wasafiri wengi wanapopita. Ndege wa bahari kuu hawapotei. Wapo siku zote huko nje, juu ya mafungu ya North Kenya Banks, na boti za uvuvi wa michezo kutoka Watamu hukutana nao. Ufukweni ni adimu kwa sababu sisi ndio tuko mahali pasipo pao.

Wengi wa "waliopotea" ni makosa ya utambuzi. Sababu kubwa tatu: manyoya, mwanga na matumaini. Kitwitwi wa Siberia wa kijivu Januari huwa mwekundu kama tofali Aprili, na kila mwaka kuna anayemwandika kama spishi nyingine. Tope la mchana hutoa mtetemo wa joto unaorefusha miguu na midomo ya ndege walio mbali. Zaidi ya mita 150, baada ya saa nne asubuhi, usipime urefu wa mdomo kwa jicho. Na matumaini hufanya mtu aone alama aliyoisoma jana usiku.

Kuna pia jozi za ndege ambazo hata mtaalamu hushindwa. Buabua wadogo wa aina mbili, Sternula saundersi na Sternula albifrons, wakiwa nje ya manyoya ya kuzaliana hawatofautiki kwa usalama uwanjani. Kwenye fungu la mchanga Sabaki mwezi Januari, jibu sahihi ni "buabua mdogo, mmoja kati ya wawili". Daftari lenye majibu kama hayo linaaminika kuliko lile ambalo kila ndege ana jina.

Taarifa inayosimama

Ukimwona ndege usiyemtarajia, mpangilio wa kazi ni huu, na unapaswa kufuatwa hivyo. Kwanza mtazame, wala usikimbilie simu. Dakika mbili za kwanza ni za macho: mdomo (urefu ukilinganisha na kichwa, umbo, rangi ya kitako na ncha), miguu, uso, kisha kiuno na bawa akiruka, maana hizo mbili ndizo hukosekana katika picha. Lete ukubwa kwa kulinganisha na ndege aliye kando yake. Sentimita za kukisia hazina kazi. Pili andika au jirekodi kwa sauti, kabla ya kufungua kitabu. Maelezo yaliyoandikwa baada ya kusoma kitabu hufanana na kitabu, na anayepitia taarifa hulitambua hilo mara moja. Tatu piga picha, nyingi, hata mbaya: picha yenye ukungu inayoonyesha kiuno cheupe ina uzito kuliko picha safi ya ndege aliyelala. Hifadhi faili asilia bila kuikata wala kuipaka rangi. Nne rekodi sauti kwa simu kama anaimba. Sekunde 30 zinatosha.

Ongeza tarehe, saa, hali ya maji, umbali, upande wa jua, kifaa ulichotumia, muda uliomwona, na nani mwingine alimwona. Kisha sehemu ambayo watu huiruka: ni ndege gani wengine wangeweza kuwa, na kwa nini si wao. Bila sentensi hizo mbili tatu, taarifa nzuri huanguka. Taarifa za nchi huangaliwa na watu wanaojitolea, wakiwemo wa Kamati ya Ndege ya shirika la uhifadhi la Nature Kenya, na kwa ukanda mzima kuna kamati ya Afrika Mashariki ya ndege adimu. Kukataliwa kwa taarifa hakumaanishi umedanganya. Kunamaanisha ushahidi haukutosha kumwondoa ndege wa pili.

Kwa ndege wa kila siku, mradi wa Kenya Bird Map ndio pa kupeleka orodha. Nchi imegawanywa katika miraba ya dakika 5 kwa 5, kama kilomita 9 kwa 9. Orodha kamili hutaka angalau saa mbili za kutafuta kwa bidii ndani ya mraba mmoja, spishi zikiandikwa kwa mpangilio ulioziona, na unaweza kuiendeleza hadi siku tano. Andika wote, kunguru na shorewanda wakiwemo. Kupungua hujulikana kwa hesabu ya mara ngapi ndege ameandikwa kati ya orodha zote. Anayeandika "wazuri" tu anaharibu hesabu hiyo. Kitwitwi wa Siberia asingejulikana kuwa anapungua kama watu wa fuo mbalimbali duniani wangeona aibu kumhesabu.

Mambo mawili ya mwisho ya kiutendaji. Kucheza sauti ya bundi kwa spika humvuta dume kutoka mahali pake akitafuta mpinzani asiyekuwepo, humtoa kwenye kuwinda na kulisha, na humtangaza kwa ndege wawindaji wakubwa zaidi. Kwa spishi yenye jozi mamia tu, na waliozoea kutembelewa kwenye njia zilezile, hatuoni sababu ya kuicheza; subiri giza, atalia mwenyewe. La pili ni mahali. Kwa bundi, na zaidi kwa vidimbwi vya kwera wa Clarke, toa jina la mraba au la msitu na uishie hapo. Picha za simu hubeba viwianishi ndani yake, kwa hiyo izime huduma ya mahali kabla ya kupiga, au uvifute kabla ya kuituma kwenye kundi la WhatsApp.